Likizo Niliyojipa Mwenyewe

3 Machi, Jumatatu

…na ndiyo maana nilikata simu jana, dada. Si hasira. Nilikata kwa sababu sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu akiendelea kushika simu huishia kusema uongo. Uliniuliza, "Na huyo mtoto akija, likizo utapewa na nani?" Halafu ukacheka kile kicheko chako cha puani. Tangu jana swali lako limenikaa kooni.

Kwa hiyo nimelitoa daftari ulilonipa siku ya harusi. Unakumbuka ulivyosema? "Simu zako zote ni za mbiombio, kama za baba. Andika. Siku tukikaa chini utanipa nisome." Limekaa miezi kumi na mmoja kabatini chini ya shuka za harusi, na limeanza kunukia kama mke wangu. Nalipenda zaidi kwa hilo.

Miezi kumi na mmoja, dada, na bado nikisikia viatu vyake barazani nasimama wima kama mwanafunzi mwalimu anapoingia darasani! Namwita Kicheko kwa sababu hucheka hata akipiga chafya. Jana alikuwa anajaribu kufunga kamba za viatu, tumbo likamzuia, akakaa sakafuni akacheka mpaka mimi niliyekuja kumsaidia nikakaa naye. Tumekaa pale hadi chai ikachemka ikamwagika. Hakuna aliyejali. Nawaonea huruma watu wote ambao hawakumuoa.

Sasa swali lako. Yeye kazi yake ni dukani, kwa muuza vitabu, na wiki iliyopita mwajiri wake alimpa barua ya likizo yenye mhuri. Ameiweka kwenye bahasha kama cheti. Mimi ni fundi wa vigae wa kujitegemea. Kazi nikiipata naifanya, nisipoifanya anaifanya mwingine. Barua yangu itatoka wapi?

Najua unamfikiria baba. Siku niliyozaliwa alikuwa anabandika sakafu ya watu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukakimbia peku kwenye matope kumwita jirani, na ni wewe uliyenishika kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba alifika siku ya tatu akiwa na saruji kwenye kucha, akanitazama, akalala, alfajiri akaondoka. Umenisimulia mara mia. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na bosi wa kumwambia nenda nyumbani, wala yeye mwenyewe hakujiambia.

Mimi nitajiambia. Mtoto akizaliwa nitakaa nyumbani siku thelathini. Nimeandika kwa wino.


6 Machi, Alhamisi

Mvua ya kwanza. Kicheko amesimama mlangoni akaitolea ulimi.


9 Machi, Jumapili

Nimeiandika barua, dada! Kwa mtindo kamili tuliofundishwa sekondari, anwani mbili na kila kitu.

Kwa: Mkuu wa Kazi (ambaye ni mimi).
Kutoka kwa: Fundi wa Vigae (ambaye pia ni mimi).
Kuhusu: Maombi ya likizo ya siku thelathini.

"Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba kupewa likizo kuanzia siku mtoto wangu atakapofika nyumbani. Katika siku hizo sitashika nyundo, sitakata kigae, wala sitaenda kutazama tu. Naahidi kuosha nepi zote bila kunung'unika."

Chini yake nikajijibu: "Ombi limekubaliwa. Usipotimiza, utafukuzwa."

Nilimpa Kicheko aisome akiwa amelala kwa ubavu. Alicheka mpaka akashika tumbo na kusema, "Acha, atatoka leo leo!" Kisha akanitazama kwa macho makali ya karani. "Barua haina mhuri. Haifai." Akaomba rangi yake ya mdomo, akajipaka, akabusu pale chini penye sahihi. Huo ndio mhuri wangu. Nimeibandika kwenye mlango wa jikoni, na leo nimepita pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika.


14 Machi, Ijumaa

Kazi niliyo nayo sasa ni kliniki ya daktari wa meno. Jengo jipya, chini na juu. Chini kuna korido ndefu kuanzia mlango wa mbele hadi chumba cha nyuma, vigae vyeupe vyenye ukingo wa kijivu, na mistari yake lazima iende moja kwa moja bila kuyumba. Nikimaliza chini, juu pia ni yangu.

Daktari mwenyewe ni mama mwembamba asiyepoteza neno. Leo alisimama nyuma yangu nikiwa nimepiga magoti. "Fundi, mimi nikimwambia mgonjwa saa nne, ni saa nne. Kliniki inafunguliwa tarehe tano Aprili."

"Sawa, Daktari."

"Mafundi wote husema sawa, Daktari."

Mtoto naye anatarajiwa tarehe hizo hizo. Ndiyo maana nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya: nimemwita fundi mwenzangu tugawane korido moja. Watu humwita Rula, kwa sababu rula haitoki nyuma ya sikio lake, hata harusini kwangu alikuwa nayo. Mimi naanzia mlango wa mbele, yeye chumba cha nyuma, tukutane katikati.

Wewe ni mtoto wa fundi, unajua sakafu moja hupenda mkono mmoja. Lakini tumefunga uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na tukiufuata wote wawili tutakutana. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma: usipime kutoka ukutani, kila ukuta una uongo wake. Pima kutoka kwenye uzi.

Rula ni mzito, nakuambia ukweli. Huuliza kitu kimoja mara tatu. "Bwana Harusi," ananiita hivyo tangu siku ile, "kwa hiyo uzi ndio katikati?" Ndiyo. "Katikati kabisa?" Rula! "Nauliza tu."


17 Machi, Jumatatu

Mvua. Gundi haikauki. Kicheko amekula embe tatu na limau moja.


21 Machi, Ijumaa

Mama mkwe amefika na masanduku mawili na mto wake mwenyewe. Nilimpokea kwa furaha yangu yote. "Shikamoo, Mama!" "Marahaba. Hiki kizingiti kinateleza, utamvunja mwanangu shingo."

Nyumba ya fundi wa vigae, dada, na kizingiti kinateleza.

Baadaye alisimama mbele ya mlango wa jikoni akaisoma barua yangu yote, midomo ikitembea. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alisema, "Mhuri nimeuona. Mwenye mhuri ni nani?"

"Mkeo… namaanisha mwanao, Mama."

"Basi yeye ndiye bosi," akasema, akaenda kupanga sufuria zangu upya. Nadhani hanipendi. Kila nikimshika mkono mke wangu anakohoa.


23 Machi, Jumapili

Nimepaka mchanga na gundi kwenye kizingiti. Mama mkwe amekikanyaga mara mbili kujaribu.


25 Machi, Jumanne

DADA! Ni msichana!

Amekuja siku kumi kabla ya wakati wake, saa tatu asubuhi, mvua ikipiga bati la hospitali kama watu wanapiga makofi. Ana kucha, dada. Kwenye kila kidole! Nimezihesabu mara nne na nesi akaniambia, "Baba, ziko kumi, zitabaki kumi." Ana kasoro moja tu, ni mrembo mno. Kicheko alikuwa amelowa jasho na macho yamevimba, na sijawahi kuona mtu mzuri vile. Nilipomwambia akasema, "Nenda kapimwe macho," kisha akalia, nami nikalia, na mama mkwe akageukia dirishani kutazama mvua kwa muda mrefu.

Nilikuwepo. Nataka uandike hilo mahali, au basi naandika mimi: nilikuwepo.

Rula alipiga simu katikati ya yote haya. Mafundi wa rangi wameukata uzi na kuutupa, aanze wapi upande wake? Nikamwambia, "Pima sentimita tisini kutoka ukutani, nenda." Akauliza, "Ukutani?" Ndiyo. "Una hakika ni ukutani?" Nikamjibu, "Ukutani, ukutani, niache, mke wangu anajifungua!"

Sasa niko kwenye benchi nje ya wodi na siwezi kuacha kutabasamu. Mzee mmoja ameniuliza kama ninaumwa meno.


28 Machi, Ijumaa

Tuko nyumbani. Siku ya kwanza ya likizo. Nimefua nepi tisa, nimenung'unika mara moja tu.


30 Machi, Jumapili

Siku ya tatu. Wageni hawaishi. Kila mlango ukigongwa mtoto anashtuka, Kicheko anaamka, na anahitaji usingizi kuliko kitu chochote duniani. Leo hakucheka sana. Anasema kifua kinamuuma upande mmoja. Mama mkwe anasema ni maziwa.


1 Aprili, Jumanne

Jana sikuandika. Nitaandika leo, kwa mpangilio, ili nisijipendelee.

Jana ilikuwa siku ya nne. Asubuhi mama mkwe alichukua kikapu na mwavuli. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Upo, sivyo?"

"Nipo, Mama. Nenda bila wasiwasi."

"Nakwenda sokoni, kisha duka la dawa. Nitachelewa kidogo."

"Nipo, Mama."

Hata dakika kumi hazijapita, simu. Ujumbe wa Rula: "Mistari haijakutana." Kisha Daktari mwenyewe: "Fundi, njoo uone ulichonifanyia."

Nilichungulia chumbani. Kicheko amelala, mtoto amelala kifuani kwake, wote wawili midomo wazi. Nikawatazama, nikayeyuka, na nikawaza kwa akili yangu hii: saa moja tu. Hata hawatajua. Kitu pekee kitakachowaamsha ni wageni. Basi nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, "Malkia na binti mfalme wamelala," nikachora na ua. Nikaibandika kwenye geti la baraza. Halafu, ili asije mtu mkaidi akagonga mlango, nikafunga geti kwa kufuli kutoka nje na ufunguo nikautia mfukoni.

Nilifanya kwa mapenzi, dada. Hilo ndilo linaloniuma. Niliondoka nikijisifu.

Kwenye korido niliona kwa mbali, kabla sijafika katikati. Mstari wangu unakuja, mstari wa Rula unakuja, na pale inapotakiwa kushikana mikono inapishana vidole viwili. Vidole viwili, katika korido ya daktari wa meno, ambayo watu watakaa wakiitazama kwa hofu wakingoja kuitwa! Daktari alikuwa amekunja mikono. Mimi nikamgeukia Rula.

"Miaka yote hii kazini na hujui kufuata mstari?"

"Bwana Harusi," akasema polepole, "ulisema ukutani."

"Sijasema!"

"Nilikuuliza mara mbili."

"Sijasema! Nani apime kutoka ukutani? Hata mtoto mdogo hapimi kutoka ukutani!"

Rula akaitoa rula nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. Nikapiga magoti nikaanza kubandua. Simu nilikuwa nimeitumbukiza kwenye mkoba wa vifaa, chini ya nyundo ya mpira, ili isipate gundi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, sikusikia kitu. Nikiwa kazini mimi sisikii kitu, unajua, ni tabia ile ile ya baba. Nilibandua safu moja, ya pili, ya tatu. Nilipofika ukutani upande wa nyuma nikaona plasta ina unene wa vidole viwili zaidi kuliko upande wa mbele. Ukuta ulikuwa na uongo wake. Na aliyetuma mtu aende akauamini ni mimi. Nikakumbuka ile simu ya hospitalini na sauti yangu mwenyewe: ukutani, ukutani, niache.

Hapo ndipo nikatafuta simu nimwombe Rula radhi mbele ya Daktari, kwa sababu Rula alikuwa ametoka nje. Nikakuta nimepigiwa mara kumi na nne.

Nilikimbia. Saa moja yangu ilikuwa imekuwa saa tatu na nusu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa nyumbani. Kicheko aliamka akiwa na homa kali, anatetemeka, upande mmoja wa kifua umekuwa mgumu kama jiwe. Aliniita. Alidhani niko jikoni, akaniita tena. Alijaribu kusimama akashindwa, akashuka na mtoto, akatambaa hadi sebuleni. Mama mkwe aliporudi alikuta kufuli. Akaita. Akasikia mtoto analia na mwanawe anajibu kwa sauti ndogo, na kati yao kuna geti la chuma na karatasi yangu yenye ua, wino ukichuruzika kwa mvua. Alisimama pale amelowa, akipiga simu, akitikisa lile geti. Hatimaye seremala, jirani yetu, akaja na msumeno wa chuma akakata kufuli. Ndiye aliyewapeleka kliniki ya karibu kwa gari lake la kubebea mbao.

Nilipofika wote walikuwa wamerudi. Ni uvimbe wa maziwa, daktari wa pale amesema, unatibika, amepewa dawa. Mtoto hana neno. Kufuli lililokatwa lilikuwa juu ya meza.

Nilingoja mama mkwe anitukane. Ningefurahi angenitukana. Alinyoosha mkono tu. "Ufunguo."

"Kufuli limekatwa, Mama, ufunguo hauna…"

"Ufunguo."

Nikampa. Akapigilia msumari ukutani, kwa ndani, karibu na mlango, akautundika pale. "Funguo za nyumba hii zitakaa hapa. Sasa kula. Kesho kuna nepi, na sitaki mtu wa kuzirai juu ya beseni."

Kicheko alinena baadaye, mtoto akinyonya upande usiouma. Hakunitazama.

"Nilikuwa namsikia mama anagonga. Na mtoto analia. Na siwezi kusimama. Nikafikiri umekufa, kwa sababu kama ungekuwa hai ungekuwa hapa, ulisema utakuwa hapa."

Nikaanza kueleza. Wageni, usingizi, karatasi.

"Usinifungie tena," akasema. "Hata kwa mapenzi."

Sina zaidi, dada. Nimekaa jikoni na barua yangu iko pale mlangoni na busu lake. Sikuwa hata kama baba. Baba alikuwa mbali tu. Mimi nilikuwa mbali na ufunguo mfukoni.


2 Aprili, Jumatano

Asubuhi nimekuta barua imeongezwa mstari kwa mwandiko wa Kicheko: "Likizo ilikatizwa siku ya nne. Mwombaji aanze upya." Chini hakuna busu.

Nimeanza upya. Kuanzia jana, tarehe moja. Itaisha tarehe thelathini.

Saa nne Daktari akapiga simu, saa nne kamili. Nilikuwa nina beseni mbele yangu, mikono ina povu. Nikaweka simu juu ya ndoo.

"Fundi, umeondoka ukaacha shimo katikati ya korido yangu."

"Kosa ni langu, Daktari, si la mwenzangu. Aliniuliza mara mbili, nikamjibu vibaya mara mbili. Anajua kulirekebisha kuliko mimi."

"Nataka wewe. Jumamosi nafungua."

"Siwezi kuja. Niko likizo."

"Likizo amekupa nani?"

Dada, nilidhani ni wewe! Sauti ile ile. Nikatazama mlangoni. "Nimejipa mwenyewe, lakini anayesaini ni mke wangu. Nilikuja kwako juzi bila ruhusa, nikamwacha na homa ya maziwa, nimemfungia ndani. Siji tena mpaka mwezi uishe."

Nilisikia vyombo vyake vya chuma vikigongana.

"Mimi nilipomzaa wangu nilirudi kazini siku ya kumi na mbili," akasema hatimaye. "Mwaka ule wote siukumbuki. Sikumbuki hata jino lake la kwanza, na mimi ni daktari wa meno." Akakohoa. "Juu nitampa mwenzako. Siwezi kukungoja."

"Naelewa, Daktari."

"Na mwambie mkeo abandike kitambaa cha maji ya moto. Siyo cha vuguvugu. Cha moto."

Iliniuma, nisikudanganye. Ghorofa nzima, nilishaibandika yote kichwani. Niliosha nepi moja mpaka mama mkwe akaninyang'anya. "Hiyo ilishakuwa safi tangu jana."

Kisha nikampigia Rula. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yakatoka haya: "Nilisema ukutani."

"Najua," akasema. "Mtoto anaendeleaje?"


5 Aprili, Jumamosi

Siku ya tano. Kitambaa cha moto kimefanya kazi. Kicheko amecheka! Kidogo, kwa sababu nimemvalisha mtoto soksi mkononi.


8 Aprili, Jumanne

Siku ya nane. Mama mkwe amenifundisha kumwogesha mtoto. "Mshike kama kigae cha gharama. Mbona unamshika kama bomu?" Nikamwambia kigae hakinikojolei. Dada, yule mama alicheka! Na sasa najua Kicheko alirithi wapi. Kumbe kile kikohozi, kila nilipomshika mkono mwanawe, kilikuwa ni kucheka anakoficha. Wiki mbili nimeishi na mama mwenye aibu nikadhani naishi na hakimu.


9 Aprili, Jumatano

Mvua kutwa. Nepi zimeanikwa kwenye viti, kwenye mlango, kwenye pimamaji yangu ndefu ya kupimia usawa, niliyoilaza kati ya kabati na dirisha. Kazi nzuri kuliko zote iliyowahi kufanya.


13 Aprili, Jumapili

Siku ya kumi na tatu. Siku ya kumi na mbili imepita na ninaikumbuka yote. Mtoto alipiga miayo, akashangazwa na muayo wake mwenyewe. Nimeandika ili Daktari anisamehe.

Kuna kitu nimekigundua. Zamani nilipokuwa nikimpenda Kicheko nilikuwa natafuta la kufanya: nimnunulie, nimchoree, nimwandikie, nimshangaze. Sasa ananiita tu, "Fundi, uko wapi?" nami najibu, "Hapa." Huuliza hata akiwa ananiona. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Mwanzoni nilidhani ananiadhibu. Sasa naona anapima, kama unavyogonga kigae kusikia kama kimeshika au kuna uwazi chini yake. Nami kila mara najibu.


17 Aprili, Alhamisi

Rula amekuja, viatu vimejaa matope. Alivivua nje, akakikanyaga kizingiti mara mbili, akaniangalia. "Mchanga na gundi? Safi."

Mama mkwe akampa kiti na mtoto kwa wakati mmoja. Rula akawa mgumu kama mlingoti. Mtoto akanyoosha mkono akaikamata ile rula nyuma ya sikio na hakuiachia. Tumecheka wote wanne mpaka mtoto akaogopa, akalia, tukacheka tena.

Korido imekwisha, kliniki ilifunguliwa wiki moja baadaye kuliko ilivyopangwa. Amenionyesha picha kwenye simu. Nimeikuza nikatafuta pale tulipopishana. Hapaonekani. Dada, mistari imepita kama maji.

"Nimeifanya peke yangu," akasema, kama anayeomba radhi.

"Ni nzuri kuliko ambavyo ningeifanya." Ilinichukua muda kuimaliza sentensi hiyo, lakini niliimaliza.

"Bwana Har… Baba Mtoto," akasema. "Kesho naanza juu. Nianzie wapi?"

"Kwenye uzi."

"Nilijua. Nilitaka nikusikie ukisema."


20 Aprili, Jumapili

Jua. Siku nzima. Nepi zote zimekauka, nimezikunja, nimejisikia tajiri.


22 Aprili, Jumanne

Siku ya ishirini na mbili, dada. Mvua zinaaga. Leo kulikuwa na rasharasha tu, dakika chache, kama mtu aliyesahau mwavuli akarudi kuuchukua.

Nesi amemkagua mama na mtoto na kusema wote wako imara, safari fupi haidhuru kitu. Mama mkwe naye ameanza kukunja nguo zake, taratibu, kisha anazikunjua. Atatusindikiza hadi kwako ndipo aende kwake.

Usiku wa harusi wewe ulinishika bega ukaniambia, "Fundi ni mtu wa kupita." Nilikasirika, ingawa nilikuambia sijakasirika. Nafikiri hukuwa unanisema mimi. Ulikuwa unamngoja baba bado, na kila nilipokuja kwako ukawa unatazama kama safari hii atakaa. Na mimi nilikuja vipi? Na mkoba wa vifaa begani. Mara ya mwisho nilikubandikia vigae nyuma ya sinki, nikaondoka chai haijapoa.

Asubuhi nilipoingia jikoni nimekuta barua imeongezwa tena. Chini ya ule mstari wa "aanze upya" kuna busu jipya, jekundu, limepinda kidogo. Nimesimama pale mpaka Kicheko akaita kutoka chumbani, "Fundi, uko wapi?"

"Hapa!"

"Basi njoo. Kuna mtu anakutaka na nguo zake zimelowa."

Nakuja, nimemwambia. Na kwako pia tunakuja, dada, kabla mwezi huu haujaisha, kabla siku zangu thelathini hazijakwisha. Daftari hili nitakupa mkononi. Mkoba nimempa Rula akae nao. Kile kigae kilicholegea nyuma ya sinki kiache kilegee, sitakigusa. Weka chai, tutainywa mpaka birika liwe tupu. Na ukae kwenye kiti kizuri chenye mikono, kwa sababu utamshika wewe kwanza, kama ulivyonishika mimi.